NG'OMBE BAADA YA KUZAA: MIMBA YA MAABARA NA KAZI YA ZIZINI

(Hotuba ya Katibu, iliyosomwa mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi)



Miaka kumi si umri mkubwa kwa chama cha ushirika. Ni umri wa mtoto awezaye kutumwa dukani akarudi na chenji iliyo kamili. Mambo ya hesabu, ya matangi ya maziwa na ya ujenzi wa ghala yameelezwa na wenzetu katika kurasa nyingine za kitabu hiki, wala hatutayarudia. Sisi tumepewa kazi ya kunena juu ya jambo moja ambalo limezungumzwa sana mwaka huu katika vyama vya msingi, na ambalo Mkutano Mkuu utakapoketi hauna budi kulikata.

Jambo lenyewe ni hili. Baadhi ya wanachama wameleta pendekezo kwamba sehemu ya akiba ya Chama itumike kuwapatia ng'ombe wetu elimu mpya ya kutungisha mimba nje ya tumbo, ili ng'ombe waliozaa wasikae muda mrefu bila mimba, na ili tupate mitamba wa damu bora kwa haraka. Wengine wamelipokea pendekezo hilo kwa shangwe. Wengine wamelipinga, wakisema ni anasa ya wenye ng'ombe wengi, itakayolipwa na wenye ng'ombe mmoja mmoja. Pande zote mbili zimesema maneno yenye maana. Na fedha inayotajwa si fedha ya kuokota njiani. Ilikatwa kidogo kidogo katika kila lita ya maziwa iliyopimwa kituoni, masika na kiangazi. Kwa hiyo yatupasa kwanza tulijue jambo lenyewe lilivyo, ndipo tupige kura.

HESABU YA SIKU

Na tuanze na hesabu ambayo haihitaji maabara yoyote. Ng'ombe huchukua mimba kwa muda wa siku 280 hivi, yaani miezi tisa na siku chache. Mwaka una siku 365. Tukitoa 280 katika 365, zabaki siku 85. Ikiwa twataka ng'ombe azae ndama mmoja kila mwaka, basi katika siku hizo 85 tangu kuzaa sharti mji wake wa mimba urudi katika hali yake, apate nguvu, aingie joto, apandwe au ahimilishwe, na mimba ishike.

Siku 40 za kwanza, au zaidi kidogo, ni za mji wa mimba kujirudi na kujisafisha. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi hushauri ng'ombe asihimilishwe kabla ya siku 45 hadi 60 kupita. Zinazobaki ni chache. Tena joto huja mara moja tu katika siku 21, kwa kawaida kati ya 18 na 24. Maana yake ni kwamba mfugaji ana nafasi mbili, na pengine moja. Na nafasi hiyo nayo haikai: mara nyingi joto hudumu saa 12 hadi 18, na kwa baadhi ya ng'ombe hupungua hapo. Likija usiku likaondoka asubuhi, hakuna aliyeliona. Aliyelikosa hana budi kungoja wiki tatu nyingine, na katika wiki hizo ng'ombe anakula kama kawaida huku maziwa yakizidi kushuka.

Mathalani, tuseme katika eneo letu wako ng'ombe wa maziwa 1,000. Ikiwa kila mmoja huzaa kila baada ya miezi 12, twapata ndama 1,000 kwa mwaka. Ikiwa kila mmoja huzaa kila baada ya miezi 18, twapata ndama 667 tu. Ndama 333 hawakufa kwa ndigana wala hawakuibwa na mtu, hawakuzaliwa kabisa. Hakuna anayewalilia, kwa kuwa hakuna aliyewaona. Tunaomba wajumbe waishike hesabu hii, maana tutairudia mbele.

YANAYOMPATA NG'OMBE BAADA YA KUZAA

Kwa nini siku zipotee? Sababu ya kwanza ni njaa. Baada ya kuzaa, maziwa hupanda upesi, na kwa kawaida hufikia kilele katikati ya wiki ya nne na ya nane. Lakini tumbo la ng'ombe haliendi mbio namna hiyo. Uwezo wake wa kula hufikia kilele wiki kadhaa baadaye. Hapo katikati maziwa yatoka kuliko chakula kinachoingia. Ng'ombe huyafidia kwa nyama na mafuta ya mwili wake mwenyewe. Ndipo twaona mbavu zinatokeza na mifupa ya nyonga inachongoka, na mwenye ng'ombe anajisifu kwa ndoo iliyojaa, asijue kwamba anakamua mwili wa ng'ombe wake. Wahenga walisema ng'ombe hashindwi na nunduye. Ni kweli, lakini njaa humshinda. Mwili ulio katika upungufu huo huahirisha jambo la uzazi: joto huchelewa, au huja kimya bila dalili.

Sababu ya pili ni maradhi ya mji wa mimba. Ikiwa kondo la nyuma halikutoka katika saa 12 hadi 24, ng'ombe huyo yumo katika hatari ya kuoza ndani. Desturi ya kulivuta kwa nguvu, au kulifungia jiwe liliburute, yafaa ikomeshwe katika mazizi yetu. Huacha vipande ndani na huujeruhi mji wa mimba. Dawa yake ni kumwita afisa mifugo. Hali kadhalika uchafu wenye harufu mbaya unaotoka wiki mbili au tatu baada ya kuzaa si jambo la kungojea lipite lenyewe.

Sababu ya tatu ni upweke wa ng'ombe. Katika kundi la malishoni, ng'ombe mwenye joto hujulikana kwa kuwa husimama akipandwa na wenzake. Lakini wengi wetu twafuga ng'ombe mmoja au wawili ndani ya banda, tukiwakatia majani. Ng'ombe wa peke yake hana wa kumpanda. Dalili zinazobaki ni ndogo: kulia mara kwa mara, kutotulia, kupunguza maziwa siku ile, na ute mweupe mwangavu unaoning'inia kama uzi. Mtu asiyemtazama ng'ombe wake kwa makini asubuhi na jioni hataviona hivi.

ELIMU HII ILIKOTOKA

Sasa tuje kwenye elimu yenyewe. Haikuanguka kutoka mbinguni siku moja. Ni mwisho wa safari ndefu, na hatua ya kwanza ya safari hiyo wengi wetu twaifahamu, nayo ni uhimilishaji, yaani kutia mbegu ya dume kwa mrija. Kwa nchi yetu ya Tanzania, Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kipo Usa River, mkoani Arusha, na mbegu zake huhifadhiwa katika mitungi ya naitrojeni ya kimiminika yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kugandishwa huko kwa mbegu kuliwezekana baada ya wataalamu wa Uingereza, Polge, Smith na Parkes, kutangaza mwaka 1949 kwamba gliserini huikinga mbegu isiharibiwe na baridi. Tangu hapo dume mmoja aliye bora aliweza kuwa baba wa maelfu ya ndama, hata akiwa amekwisha kufa.

Lakini jike alibaki nyuma. Ng'ombe jike, hata awe bora namna gani, huzaa ndama mmoja kwa mara moja, na maisha yake yote huenda akazaa watano au sita. Hivyo wataalamu wakatafuta njia ya kumwezesha jike naye. Mwaka 1951, katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, alizaliwa ndama wa kwanza aliyehamishwa akiwa mimba changa kutoka tumbo la ng'ombe mmoja hadi tumbo la mwingine. Mwaka 1978 dunia nzima ilisikia habari za mtoto Louise Brown, aliyezaliwa Uingereza baada ya yai la mama yake kutungishwa nje ya tumbo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1981, Brackett na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walipata ndama wa kwanza wa namna hiyo. Na mwishoni mwa miaka ya 1980 wataalamu wa Uholanzi walionyesha jinsi ya kuyachukua mayai ya ng'ombe aliye hai kwa sindano, bila kumpasua, na kuyachukua tena na tena.

Nchi iliyoitumia sana elimu hii ni Brazil. Huko ng'ombe wa Gir na Nelore, ambao asili yao ni Bara Hindi na wana nundu kama zebu wetu, wamekuwa watoaji wakubwa wa mayai. Yafaa tulikumbuke jambo hili, maana ng'ombe wenye nundu kwa kawaida hutoa mayai mengi zaidi kwa mara moja kuliko ng'ombe wa Ulaya.

JINSI KAZI IFANYIKAVYO

Kazi yenyewe hufanyika hivi. Ng'ombe aliyechaguliwa kwa ubora wake, ambaye sisi tutamwita mtoa mayai, husimamishwa katika kibanio, akatiwa ganzi sehemu ya mgongo karibu na mkia. Daktari huingiza ukeni kifaa cha ultrasaundi, cha jamii ile ile ya mashine watumiayo hospitalini kuwatazama mama wajawazito. Akiziona ovari katika kioo, huchoma kila kifuko cha yai kwa sindano ndefu na kuyavuta mayai. Mayai hayo huwekwa katika maji maalumu, ndani ya kabati lenye joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38.5 hivi, yapate kukomaa kwa muda wa siku moja. Kisha huchanganywa na mbegu ya dume. Yaliyotungishwa hulelewa humo hadi siku ya saba, ndipo yanapokuwa viinitete vilivyo tayari kuhamishwa.

Kila kiinitete hutiwa katika mrija, kikapelekwa katika mji wa mimba wa ng'ombe wa pili, ambaye tutamwita mama mbebaji. Huyu hachaguliwi kwa wingi wa maziwa. Huchaguliwa kwa afya yake, na sharti awe katika siku ya saba hivi tangu joto lake, ili tumbo lake liwe na umri ule ule wa kiinitete. Akiwa mbele mno au nyuma mno, kiinitete hakitashika. Ndama atakayezaliwa atakuwa na damu ya mtoa mayai na ya dume. Mama mbebaji humpa malezi ya tumbo na maziwa ya kwanza, yaani dang'a, lakini hampi rangi wala kimo.

Yafaa tuseme wazi kiasi cha mavuno. Katika mayai 100 yaliyo mazuri, kwa kawaida mayai kama 30 hivi hufika kuwa viinitete vya kufaa. Katika viinitete 30 vilivyohamishwa vikiwa vibichi, mimba zinazoshika ni kama 12 hadi 15, na vikiwa vimegandishwa huelekea kupungua. Baadhi ya mimba hizo hutoka kabla ya wakati. Na katika ndama watakaozaliwa, nusu watakuwa madume, isipokuwa itumike mbegu iliyochujwa kwa jinsia, ambayo hutoa majike kama 90 katika 100.

Sasa turudi kwa wale ndama 333 wasiozaliwa. Kama tungetaka kuwafidia kwa njia ya maabara, kwa hesabu ya mimba 40 katika kila viinitete 100, tungehitaji viinitete 830 hivi. Na ili kupata hivyo, tungehitaji mayai karibu 2,800. Hakuna akiba ya chama kama chetu iwezayo kubeba mzigo huo. Lakini wale wale 333 waweza kupatikana kwa lishe, kwa macho, kwa daftari na kwa mrija wa uhimilishaji tulio nao tayari.

MAABARA NA SIKU ZA BAADA YA KUZAA

Hapa wajumbe wataniuliza, kwa niaba ya wale walioleta pendekezo: Je, elimu hii haiwezi kumsaidia ng'ombe aliyezaa asipoteze siku? Jawabu letu ni kwamba yaweza, lakini si kwa namna wengi wanavyodhani.

Kwa upande wa mtoa mayai, ni kweli kwamba mayai yaweza kuchukuliwa wiki chache tu baada ya kuzaa, wakati ambapo mji wa mimba haujawa tayari kubeba. Kazi hiyo haigusi mji wa mimba, hugusa ovari. Hivyo ng'ombe bora aweza kutoa mayai katika siku zake za kungoja, kisha akahimilishwa kwa wakati wake kama wenzake, asipoteze hata joto moja. Tena mayai yaweza kuchukuliwa hata akiwa ana mimba changa ya miezi miwili au mitatu. Hii ndiyo faida ya kweli ya njia hii kwa ng'ombe aliyezaa, na hatupaswi kuificha.

Lakini kuna jambo la pili. Kifuko cha yai hakikui kwa siku moja. Tangu kinapoanza kukua hadi yai kuwa tayari hupita muda wa miezi miwili au mitatu. Yai linalovutwa leo lilikuwa likikua wakati ng'ombe anazaa na wakati anapungua mwili. Wataalamu wengi waonelea kwamba njaa ya siku zile huacha alama katika yai, nalo likafika maabara likiwa dhaifu. Sindano ya daktari haiwezi kuchukua kilicho bora kuliko kilichowekwa na hori la chakula miezi miwili iliyopita.

Kwa upande wa mama mbebaji, jambo ni zito zaidi. Mara nyingi mbebaji naye ni ng'ombe aliyezaa karibuni, au mtamba. Ikiwa mji wake wa mimba haukupona, kiinitete hakitapata mahali pa kukaa. Ikiwa joto lake halikuonekana, hatutaijua siku yake ya saba. Na hata akichomwa dawa za kuleta joto, dawa hizo hazifanyi kazi ipasavyo kwa ng'ombe aliyekonda. Kwa hiyo yule ng'ombe asiyeshika mimba kwa mrija wa kawaida kwa sababu ya njaa au uchafu, hatashika kwa kiinitete cha thamani kwa sababu hiyo hiyo. Maabara haiponyi kilichoharibika zizini. Hilo ndilo neno kubwa tulilokuja kulisema leo.

FAIDA NA HATARI

Hata hivyo tusielekee upande mmoja. Wale ndama 333 ni ndama wa kawaida, na wa maabara ni wa kuchaguliwa. Ikiwa katika eneo letu wako ng'ombe wachache ambao daftari lashuhudia kwamba wanatoa maziwa mengi kwa chakula chetu hiki hiki, wanastahimili kupe na jua letu, na wanazaa kila mwaka, basi itakuwa hasara kubwa wafe wakiwa wameacha mitamba wawili au watatu tu. Kwa ng'ombe wa namna hiyo elimu hii ni hazina. Aweza kuacha mabinti wengi, na mabinti hao wakaenea katika mazizi ya watu ambao wasingaliweza kamwe kumnunua mama yao.

Hatari nazo zipo. Ya kwanza ni gharama: kila mimba yabeba gharama ya mayai yote yaliyoharibika njiani. Ya pili ni kwamba ndama wa maabara wengine huzaliwa wakubwa kupita kiasi, kuliko mimba za kawaida. Siku ya kuzaa huhitaji msaada wa karibu, na mama mbebaji mdogo wa umbo aweza kufa. Ya tatu ni undugu wa damu: tukijaza eneo letu mabinti wa mama mmoja na dume mmoja, baada ya vizazi viwili tutawapandisha ndugu kwa ndugu. Ya nne ni tamaa ya ng'ombe wa kigeni. Ng'ombe wa lita nyingi ana tumbo la lita nyingi. Mwenye nusu eka ya majani ya tembo na gunia moja la pumba kwa mwezi, akiletewa ng'ombe wa namna hiyo, ameletewa njaa yenye pembe.

Ya tano yahusu ushirika wenyewe. Elimu hii, ikiachwa ifuate mkondo wake, itamnufaisha mwenye ng'ombe ishirini kuliko mama mjane mwenye ng'ombe mmoja, maana yule ana ng'ombe wa kuchagua na huyu hana. Lakini akiba ni ya wote wawili. Wazee wa mlima wa Kilimanjaro walipounda chama chao kikuu cha ushirika mwaka 1933, na wafumaji wa Rochdale kule Uingereza walipofungua duka lao mwaka 1844, hawakukusanya fedha za wengi ziwafae wachache. Nasi tusianze leo.

USHAURI WETU

Kwa hayo yote, ofisi yaleta ushauri ufuatao mbele ya wajumbe.

Kwanza, kila mwanachama awe na daftari la uzazi, na kila chama cha msingi kiwe na nakala yake. Liandikwe siku ya kuzaa, siku ya kila joto lililoonekana, siku ya kuhimilishwa na mbegu ya dume gani, na siku ya kupimwa mimba. Pasipo daftari hatuwezi kumjua ng'ombe bora. Tutamchagua kwa ukubwa wa kiwele na kwa maneno ya mwenyewe, na kila mtu humsifu wa kwake.

Pili, ng'ombe mwenye mimba aachishwe kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa, apate kujiwekea akiba mwilini bila kunenepeana. Tena Chama kinunue kwa pamoja mashudu, pumba na madini wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, wanachama wakopeshwe na kukatwa katika maziwa. Majani ya masika yavundikwe kwa ajili ya kiangazi. Siku 90 za kwanza baada ya kuzaa ndizo ng'ombe apewe kilicho bora katika ghala.

Tatu, ng'ombe wote waliozaa watazamwe na afisa mifugo kati ya siku ya 30 na ya 40, ili mwenye uchafu atibiwe mapema. Gharama ya safari hiyo ibebwe na Chama, kwa zamu za vijiji, kwa kuwa mtaalamu mmoja akiita wafugaji ishirini siku moja ni rahisi kuliko wafugaji ishirini wakimwita kila mmoja siku yake.

Nne, joto litazamwe alfajiri na jioni, na taarifa ipelekwe bila kukawia. Ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi ahimilishwe jioni ya siku ile. Aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi ifuatayo. Simu za mkononi zimeufanya mwito wa mhimilishaji kuwa jambo la dakika moja. Hatuna tena sababu ya kusema mjumbe alichelewa njiani.

Tano, mambo hayo manne yakiwa yamefanyika kwa miaka miwili, na daftari zikisomeka, ndipo Chama kiteue ng'ombe wachache wa kutoa mayai, kwa ushahidi wa maandishi, bila kujali ni wa nani. Hapo tutafute mapatano na maabara iliyo na wataalamu, wala tusijaribu kujenga yetu. Na katika mapatano hayo tuulize mambo haya kabla ya kutia sahihi: maabara iko umbali gani, viinitete vitasafirije, tutalipa kwa kila kiinitete au kwa kila mimba iliyopimwa ikaonekana, na nani atabeba hasara ndama akifa tumboni.

Sita, mama wabebaji wachukuliwe kwanza kwa wanachama wenye ng'ombe mmoja au wawili ambao wamemtunza vema na daftari lao ni safi. Na iandikwe kabla ya kazi kwamba mtamba atakayezaliwa ni mali ya mwenye mama mbebaji, naye atalipa kwa kumtoa binti wa kwanza wa mtamba huyo kwa mwanachama mwingine. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Wengi hapa walipata ng'ombe wao wa kwanza kwa njia ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Kwa njia hiyo akiba ya wote itarudi kwa wote, ikiwa na miguu minne.

Twajua kwamba ushauri huu hautawapendeza wote. Wenye haraka watasema miaka miwili ni mingi. Twawajibu kwamba mtamba wa maabara akitungishwa leo, hatatoa tone la maziwa kabla ya miaka mitatu kupita. Lakini ng'ombe aliyezaa jana, akilishwa na kutazamwa, aweza kuwa na mimba kabla ya miezi mitatu kwisha. Na wenye hofu watasema tuache kabisa mambo ya maabara. Twawajibu kwamba wazee wengi waliukataa uhimilishaji nao, wakisema ndama asiye na dume hana baraka. Leo hii wajukuu wao wanakunywa maziwa ya ndama hao. Elimu haina kosa. Kosa ni kuipandisha juu ya msingi usiokuwapo.

Bwana Mwenyekiti, twaomba wajumbe warudi vijijini na shauri hili walijadili kwa utulivu, wala wasiletewe kura kwa kelele. Na kwa kuwa shauri la kwanza halihitaji kungoja Mkutano Mkuu, ofisi imekwisha kuchapa daftari za uzazi. Zimewekwa mezani karibu na mlango. Kila mjumbe achukue za chama chake, ahesabu, atie sahihi; na atakapofika nyumbani, aandike katika ukurasa wa kwanza siku aliyozaa ng'ombe wake mwenyewe.

Twawatakieni heri katika mwaka wa kumi na moja.